Uji wa Mama Mkwe

Mwaka niliokonda, mama mkwe wangu aliacha nyumba yake Kisesa akaja kukaa nami Kiseke. Mume wangu alikuwa kazini Geita, anarudi mwisho wa wiki tu, na mimi nilikuwa sijiwezi tena. Kiwandani, kwenye meza ya minofu ya sangara, mikono ilitetemeka mpaka msimamizi akaninyang'anya kisu, akaniambia nikapumzike nyumbani. Tumbo lilijaa, likauma, likaharisha. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa amiba, nikanywa dawa za minyoo. Virusi vya Ukimwi nilipima hadi nikachoka kupima, na kila majibu yalipotoka safi, mtaani waliamini nawadanganya.

Mama alikuja na ndoo ya unga wa lishe aliouchanganya mwenyewe: mahindi, ulezi, mtama, karanga, na ngano nyingi kuliko vyote, kwa kuwa aliambiwa ngano inajenga mwili. Kila asubuhi alinikalisha uani kwenye mkeka, akanishikia kikombe kama mtoto.

"Kunywa, mwanangu. Nyama irudi."

Nilikunywa. Kadiri nilivyokunywa ndivyo nilivyozidi kuisha. Naye alipoona naisha, akaongeza kikombe cha jioni.

Daktari wa mwisho niliyepelekwa alinitoa damu, akaniingiza mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo. Majibu yalipotoka aliniita ndani.

"Ni ngano," alisema. "Ina kitu kinaitwa gluteni. Kwa wengine ni chakula tu. Mwili wako unakiona adui, unapigana nacho, na katika kupigana unauumiza utumbo wako mwenyewe. Dawa hakuna. Ni kuacha, maisha yako yote."

Nikauliza, "Hata uji?"

"Kama una ngano, hata uji."

Mume wangu aliporudi alimweleza mama yake kwa Kisukuma, taratibu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akachukua ndoo, akawamwagia kuku unga wote.

"Kumbe nilikuwa nakulisha ugonjwa," alisema bila kunitazama.

Nilimwambia hakujua, hata waliosomea hawakujua. Akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo alinipikia ugali wa mahindi, sato na ndizi, na alikuwa anasugua sufuria kabla ya kupika na baada ya kupika.

Nikapona. Ndipo mambo yalipoharibika.

Jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwa jirani, na baada ya sala ikaletwa chai na maandazi. Nikaomba chai tupu. Mwenye nyumba akacheka kwamba nimenenepa sasa naringa. Nikawaeleza habari ya ngano, yote, kama nilivyoelezwa.

"Ngano tunakula wote," alisema mama mmoja. "Mbona ikudhuru wewe peke yako?"

"Ndivyo mwili wangu ulivyo."

"Na ulikuwa unaila wapi, maana wewe hata mkate hununui?"

"Kwenye chapati za kazini, kisha kwenye uji wa lishe. Mama alikuwa ananipikia, hakujua kwamba—"

"Mama mkwe?"

Walitazamana, mmoja akarudisha andazi lake kwenye sahani. Nilizungumza tena, kwa haraka, nikataja utumbo, nikataja damu, nikataja kamera. Wao walikuwa wamekwisha kusikia walichosikia: nilikuwa nakufa, bibi alikuwa ananipikia, unga ukamwagwa, nikapona.

Watoto wa jirani, waliozoea kuja kwa mama kuomba karanga, hawakuja tena. Wanawake bombani walimwamkia shikamoo wakiwa mbali, wakiangalia ndoo zao. Nilirudi kwenye jumuiya, nikasimama kabla ya sala ya mwisho, nikasema mama mkwe wangu hana kosa lolote, kwamba bila yeye ningekufa peke yangu ndani ya nyumba. Kiongozi wetu alinishika mabega.

"Una moyo wa kusamehe, mwanangu," alisema. "Wengine tusingeweza."

Nikakaa chini.

Mama alianza kufunga nguo zake kwenye kanga. Mume wangu alimsihi abaki, akasema maneno ya watu hupita.

"Mimi nimezeekea Usukumani," alimjibu. "Neno hili la uchawi nalijua linapofika. Kwangu angalau mlango una komeo."

Lakini neno lilikuwa limemtangulia Kisesa, maana mmoja wa wale wanawake ameolewa kutoka huko. Hakuna aliyemgusa. Ila msibani siku hizi hapewi kazi ya kupika, anaachwa akae na wageni. Mume wangu anakwenda kila anapopata nafasi. Siku moja aliniambia mama yake amekata miti iliyokuwa karibu na dirisha, ili aone anayekuja.

Nilikwenda mwenyewe msimu wa viazi vitamu. Alifurahi kuniona. Alinigeuzageuza, akanishika mikono, akasema sasa nyama imerudi. Akaleta viazi vya kuchemsha na maganda yake, akaweka sufuria katikati yetu, akavuta mikono yake nyuma.

"Chukua unachotaka mwenyewe," alisema.

Nilichukua kimoja. Kabla sijakimenya alikipokea, akakikata ncha, akaitafuna mbele yangu, akameza, ndipo akanirudishia.

"Mama, usionje," nilimwambia. "Mimi ni mwanao."

"Acha nionje. Watu wanaangalia."

Niligeuka. Uani hapakuwa na mtu.

Nilikula. Viazi vilikuwa vitamu, na nilipomaliza aliniuliza kama tumbo liko salama. Aliniuliza tena nilipokuwa navaa viatu, na mara nyingine tuliposimama barabarani kungoja gari, kwa sauti ya juu kidogo, ili na mwenye duka asikie nikijibu.