Ekrani yangu ya Kindu

Wapendwa, leo Kasongo nzima imesoma shuka ya mke wangu, Mama Zaina.

Kulikuwa sinema ya watu wanaomutafuta Mungu, Waislamu na Wakristo wakaja kuiangalia pamoja mu nyumba moja. Nilikuwa nimewaambia wote: ekrani ya kuonyeshea sinema ni yangu, niliitoa Kindu, hata Kinshasa hawana ya namna ile.

Ekrani yenyewe ni shuka nyeupe ya Mama Zaina, ile anaificha mu sanduku.

Sikumuomba. Alikuwa sokoni.

Tukafunika madirisha, sinema ikaanza. Muzee mumoja anasali juu ya mulima, kimya kabisa. Picha ikamusogelea mpaka uso wake ukajaa shuka nzima.

Na pale kwenye paji la uso, maneno ya uzi mwekundu yakatokea:

KARIBUNI WAKWE ZETU.

Mama mumoja wa kwaya akaanza kulia. "Yesu, iko anatuita."

Shehe akatikisa kichwa polepole.

Mimi nikasema, "Ekrani za Kindu zinatafsiri zenyewe sala ya muzee."

Wakaamini, naapa.

Kisha sauti ikatoka nyuma, ile sauti naijua hata nikiwa usingizini. "Baba Zaina."

Mama Zaina alikuwa amerudi toka sokoni.

"Kesho watu wanakuja kumuposa mutoto wetu. Utawalalisha mu ekrani?"

Shehe ndiye alianza kucheka. Nyumba nzima ikafuata, hata Mama Zaina, kidogo.

Sasa naandika na mukono mumoja, mwingine iko mu sabuni, nafua shuka.

Lakini semeni ukweli: nani kati yenu ameisha kuona ekrani yenye kutafsiri? 😂