Maji Yaliyotakata Baada ya Moto

Naikumbuka Jumapili moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, nilipokuwa kijana mwembamba wa chuo kikuu niliyerudi likizo kwetu, juu ya Kyimo, chini ya Mlima Rungwe. (Wembamba huo usiutafute leo.) Wiki ile mlima ulikuwa umeungua. Mtu alichoma nyasi ili ng'ombe wake wapate majani mapya, upepo ukamnyang'anya moto, ukapanda hadi kwenye miti iliyofunika chemchemi yetu, ile inayoteremsha maji mpaka kwenye mabomba ya kijiji. Tuliupiga kwa matawi mabichi mpaka ukazimika. Hakuna nyumba iliyoungua, wala mgomba. Basi Jumapili hiyo tukafanya ibada ya shukrani.

Mzee wa kanisa alisimama mbele, nyusi zake zimebabuka kwa moto. "Bwana ametuhurumia," akasema. "Yameungua majani tu!"

Vigelegele vikapigwa. Vilipotulia, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akanyanyuka kutoka benchi la akina mama.

"Mzee, na maji je?"

"Maji hayaungui, dada yangu." Kanisa zima likacheka.

"Hayaungui. Lakini mvua ikianza, hayo majivu yatakwenda wapi? Yatapanda juu?"

"Keti, mama, tumwimbie Mungu."

Tukaimba. Mimi, msomi wa jiografia, niliyeweza kuchora mzunguko wa maji kwa mishale mizuri ajabu, niliimba besi.

Manyunyu ya kwanza yalipodondoka, mteremko ule mweusi ukachipua nyasi laini. Mwanangu, kwetu huwezi kumwonyesha mtu nyasi laini halafu umwambie ng'ombe wake abaki zizini. Mifugo ikapandishwa mpaka juu kabisa ya chemchemi. Shangazi akapita nyumba hadi nyumba akiomba ishushwe, na koki ya chanzo ifungwe mvua kubwa itakapofika. Kila mlango walimwitikia kwa adabu, wakimshukuru kwa lugha yetu: "Ndaga, mama, tumesikia." Ng'ombe wakabaki kulekule. Mimi sikupeleka hata mmoja, na usinisifu kwa hilo: nawaogopa ng'ombe tangu utoto.

Mvua kubwa ikaja kama tunavyoijua Rungwe. Bomba likakohoa, likatema maji meusi tii.

"Kahawa hiyo, leteni sukari!" kijana mmoja akapaza sauti pale bombani, tukacheka tena.

Maji yale meusi hayakumdhuru mtu, kwa kuwa hakuna anywaye tope. Madhara yalikuja baadaye, maji yalipotakata.

Dada yangu Atupele alikuwa na mtoto mchanga, Lusekelo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuonjeshwa maji. Akamwinamishia shangazi ndoo. "Ona, shangazi, yamerudi kuwa mazuri."

"Mazuri kwa macho. Kinyesi cha ng'ombe wa kijiji kizima kimepita humo. Chemsha."

"Kwa kuni zipi? Zote zimelowa. Zilizobaki kavu ni za kupikia tu."

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Mvua ya kwetu ikikaza, kuni kavu ni kitu cha kufichwa chini ya kitanda.

Lusekelo akaanza kuharisha. Macho yakaingia ndani, midomo ikakauka, na asubuhi moja akaacha kulia. Ukimya ule ndio uliotutoa nyumbani. Atupele alimfunga mgongoni tukashika njia ya hospitali ya Tukuyu, shangazi nyuma yake akiwa amemshikia mtoto mwamvuli, yeye mwenyewe analowa mpaka mifupani. Muuguzi alitafuta mshipa mkononi akaukosa, akaupata kichwani. Tulikaa wodini tukitazama dripu ikidondoka, na Lusekelo alipotoa kilio chembamba kama cha paka, ndipo shangazi alipokumbuka kuketi.

Mzee wa kanisa alikuja kutuona na mkungu wa ndizi. Shangazi akaupokea kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, mzee. Ibada yako ilikuwa nzuri. Ila tulipaswa kutoka mle kanisani tukiwa na majembe."

Yule mzee akainamisha kichwa. "Umesema, mama."

Lusekelo sasa ni mwanamume wa kubeba gunia la viazi peke yake, na hakumbuki lolote. Namkumbukia mimi. Maana kiangazi hiki nimeuona tena moshi mlimani, na picha zenu kwenye simu, wewe na vijana wenzako, mkiwa mmesimama kishujaa kwenye majivu.

Mmeuzima, hongereni. Sasa pandeni tena kabla ya mvua. Chimbeni mifereji ya kugeuza majivu na tope yasiingie kwenye chanzo. Nyasi zitakazochipua ziacheni zishike udongo; ng'ombe walishwe majani ya migomba hata kama watalalamika. Mvua ya kwanza ikipiga, fungeni koki, na maji yakishatakata yachemsheni hivyohivyo. Kuni kavu wekeni leo, na mwenye nyumba yenye mtoto mchanga mpelekeeni mzigo wake bila kusubiri aombe. Na anayetaka kuchoma nyasi mwakani mzuieni, hata akiwa baba yenu mdogo.

Mungu awape mikono isiyochoka mapema, mwanangu. Na awajalie mzeeke mkiwapa wajukuu maji ya kunywa bila kuyaogopa.