Vifaranga wa Mama na Waya Niliounga Ijumaa

Ijumaa ile jua lilikuwa karibu kuzama, na kwetu Sabato ikishaingia hata msumari haupigwi. Mama alitaka vifaranga wake wawekewe balbu ya joto, maana baridi ya Nyamira haina huruma. Waya wa ukutani ulikuwa mgumu, wa uzi mmoja mnene wa shaba. Wa balbu ulikuwa laini, wa nyuzi nyuzi.

Nilijua inavyofanywa: unazima meni swichi ya umeme wa nyumba nzima, unasokota nyuzi zishikane, kisha unabana kila ncha kwa skrubu ndani ya konekta, kile kidude cha kuungia waya. Konekta ni bei ya mandazi. Mimi nilikula mandazi. Nikaviringisha ule laini juu ya ule mgumu, nikafunga tepu, nikajigamba, "Mama, hata kampuni ya stima itaniajiri!"

Asubuhi balbu ilikuwa imezima. Waya mgumu haujikunji, basi ule laini ulikuwa umeteleza ukachomoka. Vifaranga walilia wakikanyagana. Nikazima meni swichi, nikachukua plaizi niunge upya.

"Weka chini," baba akasema. "Leo ni Sabato."

"Lakini baba, Yesu alisema ng'ombe akianguka kisimani atolewe."

"Kuku hakuwataja. Vaa viatu."

Mama akawafunika vifaranga kwa sweta yake kuukuu, tukaenda kanisani. Tuliimba mpaka saa saba. Tuliporudi, boksi la vifaranga lilikuwa kimya.

Baba akaomba, akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mama akaitikia amina, akilia. Mimi nilimjua aliyetwaa: ni yule aliyekula mandazi.