Kwaresima ya Baba Mkubwa na Unga wa Mdogo Wangu

Saa tano na dakika ishirini asubuhi mdogo wangu alishuka kwenye Kosta ya Songea, stendi ya Mbinga, akivuja jasho katika baridi ya Julai. Miaka tisa alikuwa fundi magari Dar es Salaam, na hakuwahi kuja wakati wa kuchuma kahawa. Nilijua kuna jambo.

Mama akasema malaria. Zahanati wakapima, hakuna. Mama akasema basi kipimo ndicho kinachoumwa.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa nazisoma zote, hadi anwani ya kiwanda. Nikaandika kwenye daftari: miayo mfululizo, kamasi, kuharisha, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa. Siku ya pili nikamwonyesha mgonjwa mwenyewe.

"Bwana daktari," akasema, "andika arosto, mwili unadai dawa za kulevya, upumzike. Natumia unga. Mjini umekauka."

Alinieleza kati ya safari za chooni. Kwanza kete zilichakachuliwa, watu wakazidisha. Kisha zikapotea kabisa. Halafu ukaingia mzigo mkali, bila tangazo. Rafiki yake, aliyekaa wiki mbili bila kitu, akatumia kiasi chake cha zamani. Walimzika Jumamosi.

"Mwili ulishasahau," akasema. Mzigo ule nao ukaisha, ndipo akakimbilia kwetu.

Siku ya kumi alikula ugali kwa samaki mbasa, akaongezewa. Kwetu ugonjwa huisha mgonjwa akiomba kuongezewa. Wanaume wa ukoo walikuwa kwenye sengu, mlo wetu wa pamoja ambapo mambo huamuliwa, na baba mkubwa akatangaza amepona, akatiwe tiketi arudi kazini. Tiketi ikakatwa siku hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi simu yake ikaita.

"Mzigo umerudi," akaniambia, akitazama ukuta. "Mkali."

Basi lilikuwa la keshokutwa. Mchana nikaenda kwenye sengu, mdogo wangu akiwa ameketi na wazee.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja na daftari, leo hatuli."

"Kabla ya Kwaresima ulikuwa unakunywa vikombe vingapi vya pombe?"

"Vinane, na nyumbani narudi kwa miguu yangu."

"Ukafunga siku arobaini. Pasaka ukanywa vingapi?"

"Viwili."

Wote wakainamia mboga. Ni sisi tuliomtoa kwenye ngolo, mashimo tunayochimba shambani kuzuia mmomonyoko, katikati ya mahindi, kichwa chini miguu juu.

"Tulikubaliana hilo halisemwi," akasema.

"Huyu amefunga siku kumi na moja. Akifika mjini atataka vinane vyake. Wewe uliamka, baba mkubwa. Yeye hataamka."

Baba mkubwa akanawa mikono kabla hajashiba, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akamgeukia mdogo wangu. "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Nikifika nitatumia. Najijua." Akatoa tiketi mfukoni, akaiweka kando ya bakuli.

"Basi kahawa ipo, utachuma. Na wewe wa daftari, kesho mpeleke hospitali ukaulize wanaojua. Maboksi hayajakupa koti jeupe."

Tukaenda. Njiani nilipitia stendi na tiketi. Wakala akacheka: nauli hairudishwi. Hasara, shilingi elfu hamsini na nane.