Sinia Lina pa Kuwekwa

Nakumbuka alasiri moja mwaka jana, nyumbani kwetu Mawaleh, nilipousukuma mfuko wa Bi Nok, mkandaji wa Bibi, kwa mguu. Nnakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana nimekuona umejilaza kwenye kochi, nyayo zako zimemwelekea Bi Nok usoni, naye amepiga magoti anamkanda Bibi. Mimi si mzee, lakini waniita khalti, mama mdogo, basi sikiliza. Nna hasira, na nusu ya hasira hizo najikasirikia mwenyewe.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja. Bi Nok, yule Mthai anayekaa Khuwair ya Kusini, ndiye aliyemrudisha kusimama. Walishafika hatua nne. Mimi, kwa wasiwasi wangu wa kutaka kila kitu kiwe sawa, nikajifunza adabu za Kithai peke yangu kwenye simu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo: viganja pamoja, kichwa chini. Siku ile nilimwinamia vizuri kabisa. Kisha nikaja na sinia la kahawa na tende, mfuko wake ukanizuia njia, nikausogeza kwa ncha ya mguu.

Bi Nok akauokota, akaufuta, akaupakata. Alipomaliza kazi akaondoka bila kugusa kahawa.

"Siku hizi wageni mnawakaribisha kwa mguu?" Bibi akaniuliza.

"Mikono yangu ilikuwa na sinia, Bibi."

"Sinia lina pa kuwekwa. Na mimi ningekuwa nimekaa njiani, ungenisogeza hivyo hivyo? Umesomesha shingo kuinama, mwili mwengine wote umebaki jahili."

Bi Nok hakuja siku kumi. Hatua nne zikawa mbili, kisha Bibi hakuweza hata kusimama. Nilimsikia chumbani akijaribu peke yake, nami naandika maneno ya kuomba radhi, nafuta, naandika tena, kwa kuwa hayajawa mazuri. Ujinga mtupu. Bibi alikuwa akidhoofika, mimi natafuta maneno mazuri.

Mwisho nikaenda kwake Bi Nok bila karatasi. Nikakaa chini, miguu nimeikunja nyuma, nikamwambia nimekosa. Akanijibu kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba kwao kichwa ndicho kitukufu na mguu ndio duni kuliko vyote, na kwamba mfukoni mle mlikuwa na picha ya mama yake. Kesho yake akarudi.

Kwa hiyo usiniambie hukujua. Hata kwetu mtu hamuoneshi mzee nyayo. Wewe umeona huyu ni mkandaji tu, basi haidhuru, na hilo ndilo linaloniudhi.

Leo Bibi ana hatua sita. Bi Nok akija alasiri, shusha miguu uikunje. Usimruke mtu aliyekaa, usioneshe kitu kwa kidole cha mguu. Na umuombe radhi pale pale mlangoni, kwa maneno yoyote yatakayokutoka. Mungu akupe miguu yenye adabu, na amjaalie Bibi aufikie mlango huo kwa miguu yake.