Mfuko wa Shati wa Mama Zaliha

Siku ya kwanza kazini, mjini Moroni, mwenye karakana alinipa mkasi na sufuria ya wanga wa muhogo. "Cheti chako cha shule ya usiku kitie mfukoni," akaniambia. "Gundi haijui kusoma." Nikakoroga gundi nzito ya kuweza kuunganisha visiwa vya Ngazija na Anzwani. Kazi yetu ilikuwa ya kubandika: unakata karatasi na vitambaa, unavigandisha ubaoni viwe picha moja. Kipande cha kwanza, cha katikati, tulikiita kitovu. Vingine vyote huegemea hicho.

Mimi ni wa dini ya Kibahai, na miaka ile mamluki wa kigeni walipovishika visiwa vyetu tulisali madirisha yamefungwa. Fundisho letu, kwamba wanadamu ni jamaa moja, sikuweza kulitangaza, nililibandika. Nilipohamishiwa tawi la Mutsamudu, kisiwani Anzwani, nikaomba kila nyumba kipande: kanzu, gunia la mchele, shiromani ambazo wanawake wa kule hujitanda. Wakaleta hadi nikahofia mji mzima utabaki uchi.

Mama Zaliha, jirani yangu niliyemnong'oneza maana ya picha, alileta mfuko wa shati la mwanawe aliyechukuliwa na askari wa mamluki. "Kipande hiki kiweke katikati," alisema. "Akirudi akione."

Nikakifanya kitovu.

Mwenye karakana akaja kutoka Moroni, akaiuza picha kwa ofisa wa mamluki aliyetaka pambo la chumba cha kulia. Ofisa alinisifu mbele ya watu, nami nikatabasamu mpaka masikioni. Mlangoni alisimama Mama Zaliha. Alingoja ofisa apite.

"Fundi, jamaa yako hiyo moja, na huyu yumo?"

Imani yangu ilikuwa na jibu. Lakini kinywa changu kilikuwa bado kinatabasamu.

"Nijibu, mwanangu. Au gundi imekushika ulimi?"

Uso uliniwaka; ungeweza kukaangia muhogo. Nikageuka nikakoroga gundi.

Mamluki walipoondoka, nilirudishiwa picha. Kitovuni palikuwa na tundu, limekatwa vizuri kuliko alivyowahi kukata mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Kumbe Mama Zaliha alikuwa akifua vitambaa vya meza nyumbani kwa ofisa.

"Nilichukua changu," akaniambia. "Vya wengine, wenyewe wana mikono."

"Na mwanao?"

"Kimerudi hicho tu."

Sasa nimestaafu, na picha iko ukutani kwangu. Vijana huniuliza mbona sijaliziba tundu. Kwa kanuni ya kazi, kitovu kikitoka, vingine hulegea. Hivi havijalegea. Kila asubuhi nikimaliza sala hukaa mbele ya picha nikijaribu kumjibu Mama Zaliha, na kila asubuhi uso huniwaka upya.