Mama Hénock na hoteli ya karibu na kituo

Nyuma ya mlango wa Mama Hénock pamesimama godoro. Ni la sponji, limevishwa kitenge cha kijani, na hapa Malvern watu wetu karibu wote wanalijua, maana nusu yetu tumelilalia. Mimi nililala juu yake nilipofika Johannesburg kutoka Uvira, nikiwa na begi moja na namba ya simu ya mtu ambaye hakupokea. Aliyenichukua Park Station ni yeye, mwanamke nisiyemjua, kwa sababu tu alinisikia nikilia kwa Kiswahili. Jina lake ni Godelieve, Mrundi wa mtaa wa Bwiza, fundi cherehani, ila siku hizi ni watu wa ofisi ya ukimbizi tu wanaomwita hivyo.

Kwake yeye, mgeni lazima alale. Unaweza kumnyima soda na asikuchukie, lakini usimwambie mtu wa kwenu akatafute chumba cha kulipia. Hoteli, kwa akili yake, ni ya mtu asiye na watu, au ya mwanamume anayemficha mkewe jambo. Binamu mmoja wa marehemu mumewe alipita mjini hapa akashukia hoteli, halafu akaja kusalimia akiwa amenyoosha shati. Nilimcheka Mama Hénock alivyonuna. Yeye hakucheka. Alisema yule bwana amemtukana, na hakumtaja tena.

Mtoto wake ni huyo mmoja, Hénock. Baba yake alifariki kabla hawajaja huku. Kijana alikulia kwenye chumba kile kile cha Malvern, akasoma chuo Braamfontein, uhandisi, akapata msaada wa masomo Japani, akaenda na hakurudi. Si kwamba alipotea, hapana. Alipata kazi ya kiwanda kizuri, akaoa binti wa huko aitwaye Kaori, wakazaa Emi. Kila wiki picha zilikuja, Emi amevaa koti, Emi amepanda baiskeli. Mama Hénock alizitazama huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

Cherehani yake iko kwenye kona ya saluni yangu, Jules Street, kwa hiyo nilisikia ombi lake mpaka nikalikariri. Alitaka kulala kwa mwanawe. Usiku mmoja tu. Aamke nyumbani mwa Hénock, amsikie anavyokohoa asubuhi, ampikie chai kwenye jiko lake mwenyewe. Wateja walidhani anataka kuiona Japani. Japani ingekuwa Lubumbashi au mwezini, kwake ilikuwa mamoja.

Hatimaye Hénock akamwalika, viza ikatoka. Nilimsuka nywele kwa siku nzima, sikumtoza kitu. Kwenye sanduku alitia kitenge cha mkamwana, gauni la mjukuu, na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, amewafunga kwenye mifuko mitatu mmoja ndani ya mwingine. Nilimwambia Wajapani watamnusa kutoka uwanja wa ndege. Akaniambia Hénock alikua kwa ndagala hao.

Simu ya kwanza ilinikuta nikimsuka Ummi, mteja wangu wa Kitanzania, kichwa nusu. Kwetu mchana, kule giza tayari. Niliegemeza simu kwenye kioo. Nikaona chumba kidogo kisafi, kitanda kimoja, dirisha, na treni ikipita chini yake kimya kimya. Nikamsifia, nikasema kwa Hénock kuzuri. Akaizungusha simu polepole, nikaona mezani kadi, birika la umeme, na kandambili za karatasi.

"Hapa ni hoteli, mdogo wangu," akasema.

Hénock alikuwa amechagua vizuri, siwezi kumwonea. Ni miji ya pembeni huko Saitama, watu wanakolala na kuamkia kazini, na mbele ya kila kituo kuna hoteli ya namna hiyo, bei nafuu, safi kuliko hospitali. Ukishuka kwenye treni unavuka barabara tu, umefika. Chini kuna duka lisilofunga. Nguo ya kulalia wanakuwekea imekunjwa. Asubuhi wanakupa wali, samaki na mchuzi, na Mama Hénock alikiri kwamba hapo walimweza, maana hata Bwiza mtu hakatai wali na samaki asubuhi. Yeye Hénock alikaa kituo kimoja mbele. Jioni akitoka kazini alishuka, wakala pamoja, kisha akapanda treni akaenda kulala kwake.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema ndivyo alivyoambiwa: nyumba ni ndogo, na huko ni kawaida. Hata mama yake Kaori akija kuwatembelea analala hoteli hiyo hiyo.

Nilikasirika kuliko yeye. Nilimtafuta mchawi, na mchawi wa kwanza huwa ni mkamwana. Lakini kila siku Kaori alikuja hotelini na mtoto, amebeba matunda yaliyomenywa ndani ya kikopo, akachukua nguo chafu za Mama Hénock na kesho yake akazirudisha zimenyooshwa. Sasa utamchukia vipi mtu anayekukunjia hadi chupi? Mama Hénock alijaribu, akashindwa. Alibaki anampigapiga mgongoni na kumwambia asante kwa Kirundi.

Jumapili wakampeleka kuiona nyumba, kula chakula cha mchana. Alinipigia jioni ile, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Ni vyumba viwili kweli, meza fupi, viatu mlangoni. Emi alitaka mdoli wake, Kaori akafungua kabati la ukutani. Ndani ya kabati yalikunjwa magodoro.

"Wanalala chini, Arlène. Wote. Asubuhi wanakunja, wanaficha. Kama kwangu. Na lilikuwako moja zaidi, nimehesabu."

Akamwambia mwanawe palepale. Akamwambia, hata chini, Hénock, mimi nalala chini. Na hapo ndipo Hénock alipomjibu.

"Mama, wageni walikuwa wakija, wewe uliwapa godoro, ukalala kwenye simenti. Nilikuwa nakuona. Nikaapa siku ukija kwangu hutalala chini tena. Hoteli ina kitanda."

Kumbe miaka yote mtoto alikuwa amelala macho wazi, akimhurumia. Mama Hénock alivaa viatu vyake mlangoni, akavushwa hadi kituoni, akarudishwa kwenye kitanda chake kizuri.

Siku ya pili yake simu ikalia mapema. "Nimefanya kitu," akasema, na sura yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja sahani. Kwa kuwa jiko la mwanawe hakulipata, alikuwa amewachemsha ndagala kwenye birika la umeme la chumbani, na chumvi, ili Hénock akitoka kazini awakute wa moto. Nilitaka kucheka, nikaona machozi. Harufu ilikuwa imetoka chini ya mlango ikashika ukumbi wote. Kijana wa mapokezi alipogonga, yeye alikuwa amejiandaa kugombezwa. Hakugombezwa. Kijana aliinama, akatoa simu inayotafsiri, na simu ikasema kwa Kifaransa kwamba hoteli inaomba radhi kwa usumbufu. Wakambebea sanduku hadi chumba kingine.

"Afadhali angenitukana," aliniambia. "Wananiinamia tu. Mtu akikuinamia utamjibu nini?"

Mimi nilikuwa Jules Street na kitana mkononi. Ningemsaidia nini? Nilimwambia atulie, neno lisilo na kazi yoyote, na yeye akaniambia ndiyo.

Hénock alikuja mbio kutoka kazini. Mama yake alimwona kwenye mapokezi ameinama mpaka mgongo ukalala kama meza, anaomba msamaha kwa ajili ya samaki wa kwao. Kisha akapanda chumbani, akafunga mlango, akachukua lile birika walilokuwa wamelihamisha pamoja na mizigo. Akakaa kitandani, akawatoa ndagala kwa vidole, wamepoa, akawala wote, na mchuzi wake akaunywa. Alipomaliza alinawa, akatazama saa, akawahi treni.

Aliporudi huku, akina mama wa kanisa walikuja kama kawaida yetu, na vitenge vyao na maswali yao. Nyumba ya mtoto ikoje? Jiko je? Ulimpikia nini? Mama Hénock akawaeleza hoteli. Aliwaeleza kandambili, beseni la kuogea lenye kina hadi shingoni, choo kinachopasha joto makalio, kituo kilivyo mbele ya mlango hata mvua haikupati. Agnès, mwenyekiti wa akina mama, akasema kumbe siku hizi dada yetu amekuwa mtu wa mahoteli. Wakacheka, wakadhani anaringa. Mimi nilikuwa nasuka, nikainamisha kichwa.

Mwaka huu ikawa zamu ya Hénock kuja. Angekuja na mkewe na mtoto. Mama Hénock alipaka chumba rangi. Akauza cherehani ya pili aliyokuwa nayo nyumbani, akanunua kitanda kikubwa chenye kichwa cha mbao kwenye duka la mitumba mtaani, tukakibeba wanne, tukazuia magari kwenye roboti ya Jules, zile taa za barabarani, na watu wakatupigia honi. Alikuwa na hesabu yake, nami niliielewa. Hoteli ina kitanda, basi na yeye sasa ana kitanda. Akafua kitenge cha kijani cha godoro, kwa ajili yake mwenyewe.

Hénock akapiga simu wiki moja kabla. Nilikuwepo. Alisema wamepata hoteli nzuri Rosebank, bei si mbaya, iko kando ya kituo cha Gautrain, ile treni ya kasi. Kutoka uwanja wa ndege unapanda treni, unabadilisha mara moja tu, na kwa mtoto mdogo ni rahisi.

Mama Hénock akaisogeza simu mdomoni. "Hata hapa tuko karibu na kituo," akamwambia.

Hénock akacheka sana, maana anakijua kituo chetu. Nyaya zake zimeibwa, na treni ikipita watu wanatoka nje kuitazama. Alidhani mama yake anatania. Hakuwa anatania.

Siku ile niliichukua simu nikaenda nayo uani, nikampigia mwenyewe, nimevimba. Akapokea, akaniita tantine, yaani mama mdogo, akaniambia anaogopa kumchosha mama yake. Watu watatu kwenye chumba kimoja, na yeye magoti yanamuuma, na atataka kuamka usiku kuwapikia, unamjua alivyo. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nikajikuta namwambia sawa, sharp, karibuni. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila alichosema kilikuwa cha upendo. Hapakuwa na pa kushika.

Jumamosi wakaja kula. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, maharage, ndagala wa kukaanga, na Kaori alikula kila kitu akiwa amepiga magoti kwenye mkeka. Hénock alikigusa kile kitanda kipya, akakisifu, akasema sasa Mama unalala vizuri. Mama Hénock akasema ndiyo.

Emi alichoka na mazungumzo yetu. Alizunguka chumba, akafika nyuma ya mlango, akaliona godoro. Mtoto yule haongei hata neno moja la kwetu, lakini godoro lililofichwa mchana analijua. Akalivuta kwa mikono miwili, likaanguka sakafuni, akalinyoosha pembe kama mtu mwenye kazi yake. Kisha akavua soksi, akaziweka pembeni, akajilaza. Tukiwa bado tunamtazama, usingizi ukamchukua.

Niliuona mkono wa Mama Hénock umeshika shavu, umeganda hapo. Nami nikawaza, basi, mtoto mwenyewe ameamua.

Hénock akatazama nje. Jua lilikuwa linashuka, na wewe unajua mji huu, mgeni akichelewa barabarani anaporwa. Akaita gari kwa simu.

"Muacheni alale," Mama Hénock akasema. "Mtamfuata kesho."

Hénock akamtafsiria mkewe. Kaori akaweka mikono mapajani, akainama kwa Mama Hénock, chini kabisa, akasema maneno marefu kwa sauti laini.

"Anasema asante sana, Mama. Anasema umetutendea mengi, tusikusumbue zaidi."

Gari likapiga honi. Hénock akamwinua mtoto, kichwa kikalala begani mwake. Mama Hénock alimvalisha soksi akiwa hivyo hivyo hewani, moja, halafu nyingine, akawafungulia geti, akawapungia mpaka walipokata kona.

Tuliporudi ndani nilianza kukusanya sahani. Yeye alikwenda akakaa sakafuni, pembeni mwa godoro. Nikamwambia tuliinue, tulirudishe nyuma ya mlango, tupate pa kupita.

Akaweka kiganja katikati ya kile kitenge cha kijani.

"Liache kidogo," akasema. "Bado lina joto."